Hori la Bofu Nililolikana

Mama,

Watu wakiandikiana huanza kwa kuulizana hali. Mimi sijui nikuulize nini huko uliko. Yangu mimi ni hali ya mtu aliyejifungia chumbani mchana kweupe, akasukuma kasha la nguo nyuma ya mlango. Watoto nimewaambia kichwa kinaniuma. Uongo mtupu. Ninaogopa, Mama, na kwa kuwa hofu zangu zote ulizisikia wewe, tangu nilipokuwa nikimkimbia mjusi, nakuletea na hii.

Arubaini yako tumeisoma vyema. Jirani yetu Bi Riziki ndiye aliyepika, na kila alipotaka kulia aliinamia moshi wa jikoni tusimjue. Nguo zako nimezigawa, isipokuwa ile kaniki ya kwendea horini. Ina tope limekauka pindoni na sikuweza kuifua.

Likoni uliyoiacha inageuka. Watu hawana jingine ila bendera. Huyu anasema mwambao utabaki na Sultani, yule anasema tutaungana na bara na kila kitu kitaanza upya. Ya wakubwa siyajui. Ninachokijua ni kwamba feri inavusha watu wa bandarini asubuhi na jioni, wanatafuta vyumba vya kupanga, na hapa Bofu kila mwenye nafasi uani anasimamisha kibanda. Kibanda hakisimami bila fito, chungu hakichemki bila kuni, na njia ya horini, kule mkono wa bahari unakoingia kati ya mikoko, inajulikana na wote.

Wakumbuka mwaka ule, kabla sijaolewa, ulipofunga upande wa kusini usikatwe miti. Nilikuwa nyuma yako nimebeba chane za ukindu. Ukafunga moja kwenye mkoko wa kwanza, moja katikati, moja mwisho, ukaniambia, "Hapa pamefungwa miaka mitatu. Hata mimi siingii." Siku ya tatu ukanikuta na fito mbili za huko huko. Hukunipiga. Ulinipitisha nazo nyumba hata nyumba, niwaambie wanawake nimezikata wapi. Nilikuwa mwanamwali mwenye posa, Mama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa sikiliza nilichokifanya.

Mwezi uliopita walikuja watu wa mipango ya ardhi, Mzungu mmoja na mpimaji wake wa kutoka bara, Bwana Barasa, mtu mpole mwenye penseli sikioni. Wanachora ramani ya mtaa mzima: wapi pajengwe nyumba, wapi papite barabara, wapi pasiguswe. Wakawa wanaingia nyumba moja moja kuuliza wenyeji wanatumia nini na wapi. Leo naona lilikuwa jambo la heri. Siku ile niliona askari tu.

Walipofika kwangu Bwana Barasa aliniamkia vizuri, kisha akaniuliza ni akina nani wanaotumia hori. Na pale uani, nyuma ya mgongo wake, palikuwa na mzigo wa fito mbichi nimeufunika jamvi. Unajua kwamba mikoko haikatwi bila kibali cha watu wa misitu, na unajua kwamba tangu nizaliwe sijaona mwanamke wa Bofu mwenye kibali. Nikaitazama ile penseli. Nikajiona mbele ya hakimu.

Nikamwambia, "Hakuna mtu aendaye kule. Ni tope na mbu tu."

Akanitazama. "Mama, ukisema hakuna mtu, mimi nitaandika hakuna mtu."

"Andika."

Akaandika. Wenzangu nao, nyumba kwa nyumba, walijibu hayo hayo, maana kila mmoja alikuwa na mzigo wake chini ya jamvi. Nilijiona mjanja kweli. Niliwaangulia madafu.

Baada ya wiki mbili ramani ikatundikwa kwenye ofisi ya mudir, mkubwa wa serikali hapa kwetu, ili mwenye neno aje alitoe siku ya baraza. Nikaenda kuitazama kama wengine. Nyumba zetu zipo, msikiti upo, hata kisima cha Bi Riziki kipo. Hori limepigwa mistari lote. Pameandikwa kwamba ni mahali pasipotumiwa na watu, patafukiwa kwa udongo, pawe yadi ya malori na maghala. Nilisoma mara mbili. Yale maneno ya mwanzo yalikuwa yangu.

Mama, niliondoka pale bila kumuaga mtu.

Tangu siku ile nikilitazama hori naona udongo mwekundu. Namwona kaa hana shimo la kurudi. Uduvi wetu, chaza walioshika mizizi, nyuki wanaokuja mikoko ya mchu inapotoa maua, yangeyange wanaolala juu ya mikoko mpaka inakuwa myeupe, wote hawa wataambiwa waende wapi? Na maji ya masika, yakikosa pa kutulia, si yataingia kwetu sisi wa bondeni? Zaidi naona ule upara ulioachwa wakati wa vita, boriti zilipokatwa mpaka pakabaki tope tupu. Wewe ulipapanda. Uliokota zile mbegu ndefu za mkoko kikapu baada ya kikapu, ukazichomeka moja moja mpaka kiuno kikakataa, na watu wakicheka kwamba Mwanakombo analima bahari. Leo mikoko ile inanipita kimo, na kamba wamerudi. Mimi nikaifuta kwa neno moja, kwa ajili ya mzigo wa fito.

Nilimweleza Bi Riziki. Hakunilaumu, maana na yeye alikana. Alifikiri kidogo akasema, "Wewe sema mamako ndiye aliyekuwa akitukatisha. Maiti hashitakiwi."

Na mimi, Mama, nisamehe, nilikubali. Nilikariri njia nzima ya kwenda barazani. Mama ndiye aliyefunga, Mama ndiye aliyefungua, sisi tulifuata tu.

Baraza lilikuwa jana. Niliposimama nilivuta buibui mpaka kwenye nyusi. Nikasema kwamba nililolisema mwezi uliopita lilikuwa la uongo, na kwamba horini twenda sote, na tumekwenda tangu zama za bibi zetu. Watu wakainamisha vichwa. Nilidhani watanikana kama nilivyolikana hori. Bi Riziki akasema kutoka nyuma, "Ni kweli." Kisha mwingine. Bwana Barasa akamfasiria Mzungu, na Mzungu akataka aonyeshwe.

Tukateremka, kundi zima. Mzungu kiatu kimoja kilibaki topeni na hakuna aliyethubutu kucheka. Nikawaonyesha palipo wazi na palipofungwa, nikawaonyesha mikoko uliyoipanda. Bwana Barasa aliitazama, akarudi hatua chache akaitazama tena.

"Hii imesimama kwa safu," akasema. "Haikuota yenyewe."

Nikamweleza jinsi ya kufunga na kufungua, na kwa nini miaka mitatu, na kwamba tunaingia kwa pamoja na kutoka kwa pamoja. Mzungu akawa anauliza na yeye anafasiri, mpaka jua la utosi likatuchoma vichwani. Hapo Bwana Barasa akaifungua ramani juu ya goti lake, akalizungushia hori mstari mwekundu, maana yake pasiguswe.

Nikadhani yamekwisha. Ndipo aliponiambia kwamba mahali panapoachwa hapaachwi hivi hivi. Lazima paandikwe jina la mtu anayepasimamia, na jina hilo hilo litapelekwa kwa watu wa misitu, kwa sababu ya kibali.

"Ni nani anayefunga hapa?"

Bi Riziki akakohoa. Jina lako lilikuwa ulimini, Mama. Nilishafungua kinywa. Nikakuona umeandikwa kwenye karatasi ya serikali kuwa ni mwizi wa miti, na huna wa kukusemea. Na nikafikiri, mwakani wakija kumtafuta msimamizi wa hori wakaonyeshwa kaburi, si wataandika tena kwamba hakuna mtu?

Nikasema, "Mwanaisha binti Ali. Ni mimi."

Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina hakika hata ya miguu yangu, lakini aandike.

Ramani imevushwa kisiwani, huko ndiko litakakokatwa shauri, na Bwana Barasa hakuniahidi lolote. Mstari mwekundu ni penseli tu, na penseli hufutika. Na leo asubuhi askari wa misitu amekuja na karatasi. Nimeitwa Jumatatu, nikaeleze nimekata mikoko miaka mingapi, na kwa ruhusa ya nani. Hiyo ndiyo sababu ya kasha nyuma ya mlango. Huenda wakanitoza faini, huenda wakanifunga, na watoto sijui nitawaambia nini.

Kwaheri, Mama. Mola akupanulie kaburi lako na akupe usingizi mwema, wala usikatizwe na haya yangu. Jumatatu nitavuka. Wakiniuliza miaka nitawatajia yote, na jina lako sitalitoa. Wakinizuia, Bi Riziki ameapa kwamba upande wa kaskazini atakwenda kuufunga yeye mwezi ukiandama, na wakija kumuuliza atasema ametumwa na mimi.

Sasa naliondoa kasha mlangoni, watoto wanaita. Nitakwenda hivi hivi, nikiogopa.

Mwanao,
Mwanaisha