Mzee wa Wimbo Ule

Kaka yangu,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana barua hii si fupi. Huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mzee wetu anakohoa asubuhi, lakini bado anajinyoa mwenyewe bila kioo na hataki mtu amshikie bakuli. Mimi magoti yananisumbua kwenye ngazi za ofisini. Zaidi ya hapo sina la kulalamika. Natumaini wifi amepona mkono wake, na kwamba binti yenu wa mwisho amepata ile kazi aliyokuwa akiihangaikia. Wasalimie wote, uwaambie shangazi yao bado yupo.

Barua yako niliipata. Nakujibu kwa barua kwa sababu simu yako siku hizi inapokewa na meneja, naye huniongelesha kana kwamba naomba tiketi za bure.

Uliniomba mambo mawili. La kwanza, nikutumie makala ya miaka arobaini ya "Mzee Inuka" kabla gazeti halijaichapisha. La pili, nimshawishi Mzee apande jukwaani siku ya tamasha, ili umsamehe mbele ya watu. Ulisema umelifikiria sana, kwamba wakati wa kinyongo umepita, na kwamba waandaaji wamelipenda mno wazo hilo. Sina shaka wamelipenda.

Nianze na makala. Nimeutafuta wimbo wako kama ninavyotafuta habari za ajali: nani alikuwepo, nani aliona, na nani anasimulia aliyosimuliwa. Walioniambia kwamba walikuwepo siku mliyourekodi hawawezi kuenea kwenye chumba kile hata wakipangwa kama sahani. Kwa hiyo nilimwendea Bati, mpiga ngoma wako. Sasa ana duka la vipuri vya pikipiki na tumbo linalomtangulia kufika kila mahali. Alifurahi kukumbukwa. Aliniambia kwamba ule mkwaruzo wa gitaa, ambao maprofesa wameuandikia vitabu wakiuita hasira ya kizazi kizima, ulitokana na spika iliyochanika ukaiziba kwa plasta ulizoiba kinyozini kwa Mzee, zile alizokuwa akiwabandika wateja aliowakwaruza na wembe. Akasema pia kwamba ule ukelele wa "Inuka!" unaokuja mapema kuliko inavyotarajiwa ni kosa lake. Alipotea kwenye kuhesabu, akapiga kabla ya wakati, nawe ukaona bora upige kelele naye kuliko kumwacha peke yake. Mlitaka kurudia, umeme ukakatika. Bati alicheka hadi akashika kaunta. "Sasa nchi nzima inakosea na mimi," alisema, "nani atanisahihisha?"

Yaliyofuata unayajua, ila vijana hawayajui, kwa hiyo nimeyaandika. Mkuu wa nchi alipenda kuitwa Mzee, na picha yake ilikuwa katika kila ofisi, amekaa kwenye kiti chenye mgongo mrefu. Ninyi mkaimba: Mzee inuka, kiti kimechoka. Redio iliupiga siku chache, kisha ukapigwa marufuku, na marufuku ndiyo iliyoutangaza. Makarani walikuwa wakiuvumisha puani kwenye foleni ya benki. Mwalimu wangu wa hesabu alifukuzwa kazi kwa kusema "inukeni" darasani kwa sauti iliyofanana nao mno. Wanafunzi wa chuo waliuimba getini mbele ya askari, na wengine hawakurudi makwao. Majina yao nimeyaweka mwanzoni mwa makala, kabla ya jina lako. Usinune.

Na leo? Leo kampuni ya samani imeununua. Wimbo wa kumwondoa mtu kitini unauza makochi. Mashuleni watoto wanaushindania wakiwa wamechomekea mashati, na majaji wanatoa alama za nidhamu. Kwenye mikutano ya chama kinachotawala unapigwa kabla ya hotuba, ila wamebadilisha neno moja. Badala ya "Mzee" wanaimba "Vijana", kwa kuwa aliyepo sasa naye umri umekwenda na hapendi mizaha. Vijana inukeni. Na ubeti wa kiti haupo kabisa. Nilimuuliza msemaji wao kulikoni, akaniambia dada, ule ubeti ulikuwa unarefusha ratiba.

Hayo yote yamo kwenye makala. Nimeyaandika bila kuongeza chumvi, na mhariri amelalamika kwamba ni makavu. Sasa nije kwa Mzee.

Nilikuwa mahakamani siku ile, na ninakumbuka kuliko unavyodhani. Nilikaa na Mama benchi la nyuma. Wewe ulikuwa kizimbani, umevaa shati la Bati. Shtaka lilikuwa uchochezi, na aliyeshtakiwa uchochezi miaka ile hakurudi nyumbani akiwa na meno. Mwendesha mashtaka alisema nchi hii ina Mzee mmoja tu na kila mtu anamjua. Kisha akamwita shahidi wake, na aliyeingia kwa mlango wa askari alikuwa baba yetu. Mama alinishika paja kwa nguvu, nikabaki na alama ya kucha.

Tulisikia kwamba alikuwa amekwenda kituoni mwenyewe, kwa miguu yake, kukushtaki kwa utovu wa adabu. Mwendesha mashtaka alifurahi kama aliyeokota pesa. Baba mzazi dhidi ya mwanawe, ushahidi gani tena? Mzee akapanda, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kabla wala baada. Alisema wewe ni mtoto mbaya, huna shukrani. Alisema Mzee anayeimbwa ni yeye. "Kwangu mimi nyumbani, Mzee ni nani mwingine?" Kiti ni kiti chake cha kunyolea, kimechanika, na kila siku unamsumbua ainuke akapumzike ili chumba mkifanye cha magitaa. Akamtaka hakimu akuchape viboko kwa kumvunjia heshima mbele ya taifa. Watu walianza kucheka. Hakimu akacheka. Mwendesha mashtaka alijaribu kumnyamazisha, lakini alikuwa shahidi wake mwenyewe, angemkana vipi? Uchochezi ukafa palepale. Wewe ukafungwa miezi michache kwa kuvuruga amani, ukatoka, ukavuka mpaka.

Watu walisema alikuja kukumaliza, na kwa ujinga wake akakuokoa. Wewe mwenyewe umelisema hilo jukwaani mara nyingi, na linachekesha kila mara. Nimeisikiliza kanda ya mahojiano yako ya kwanza ya redioni, baada ya utawala ule kuanguka. Ulisema ulifungwa mara mbili, na serikali na baba. Maneno hayo yamechapishwa kwenye fulana.

Usiyoyajua ni yaliyotokea mtaani, kwa sababu hukuwepo na hukuuliza. Wateja walimkimbia. Jirani yetu fundi viatu alimwambia usoni kwamba mtu aliyemtoa mwanawe kwa askari hatamwachia koo lake na wembe mkononi. Watoto walipita mlangoni wakipiga kelele, "Mzee inuka!" kisha mbio. Mzee alikaa kwenye kiti kile bila mteja, akisoma gazeti la jana. Mwishowe alifunga, pale sasa wanatengeneza simu. Mama alihamishia godoro lake chumbani kwangu, na huko ndiko alikolala hadi alipofariki. Walikuwa wakisalimiana asubuhi kama wapangaji. Mimi nami nilimpikia, nikamfulia, na nikamsemesha yale ya lazima tu.

Sasa sikia. Kwa ajili ya makala nilimtafuta wakili wako. Ni bibi kizee sasa, anaishi kwa mwanawe juu ya duka la dawa, miguu imevimba lakini kichwa kiko sawa. Nilitaka kumuuliza mambo ya kisheria. Kabla sijafungua kinywa, akaniuliza kama baba yetu bado yu hai. Nikamwambia yupo. Akapiga makofi kama mtoto. "Yule ndiye shahidi bora niliyewahi kumfundisha," alisema.

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Alisema Mzee alimfuata ofisini baada ya wewe kukamatwa, ameshika kofia mkononi, akamuuliza kuna kitu gani mtu kama yeye anaweza kukisema. Wakili akamweleza kwamba akija kama shahidi wa utetezi hakuna hakimu atakayemwamini. Lazima aletwe na wenye mashtaka, na lazima aonekane anakuchukia. Basi akamtuma kituoni. Hoja ya kiti waliitunga pamoja, mezani kwake. Tatizo likawa hasira. Unamjua Mzee, hata mteja aliyemtukana alikuwa akimfungulia mlango. Wakili alimwambia apige kelele, akapiga kama anayeomba chumvi kwa jirani. Wafanyakazi wa ofisi wakaja kuchungulia. Ikabidi wakili amfundishe kupumua. Mwisho akamwambia amfikirie mtu anayemchukia kweli, na Mzee akaomba radhi, akasema hana, ila atajitahidi.

Na akampa masharti: asimwambie mtu, hata mke, kwa kuwa mke anaweza kuhojiwa. Asikutazame kwa huruma. Asikuage ukiondoka. Ikijulikana kwamba alidanganya chini ya kiapo, kesi itafunguliwa upya nawe utarudishwa. Wakili alisema aliyatoa masharti hayo kwa ajili ya miezi ile. Hakudhani Mzee angeyashika maisha yake yote. Alidhani familia ilishajua siku nyingi. "Kwani hamkumjua baba yenu?" aliniuliza.

Unajua sichapishi habari ya mtu mmoja. Nilirudi nyumbani nikamuuliza Mzee. Alikuwa anamenya viazi. Kwanza akasema yule bibi amezeeka, anachanganya kesi. Nikamwambia amekumbuka mpaka kofia. Akaendelea kumenya. Nikamuuliza kwa nini hakusema baada ya utawala kuanguka, wakati hakuna aliyeweza kumfunga mtu tena kwa hilo. Akasema wakati huo wewe ulikuwa umeshaongea redioni. Nikamwambia ndiyo hasa, na yeye angeongea pia. Nikamwambia Mama alikufa hajui. Hapo akaweka kisu chini.

Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, nimeyahakikisha kwa kumsomea. "Mimi nilimdanganya hakimu," alisema. "Mama yenu, nilikatazwa kumwambia, nikasema nitamwambia baadaye, na baadaye akawa hataki kunisikiliza. Hilo ni langu. Lakini yule kijana sikumdanganya. Nilimlea kwa mikono hii, hajawahi kunisikia nikipaza sauti. Nilipopaza sauti pale, nilijua yeye atajua. Nilimwangalia nikaona ameamini. Sasa nimfuate nikamwambie nini?"

Nilimwambia kuhusu ombi lako. Hakukasirika. Aliuliza kama jukwaa lina ngazi ndefu. Kisha akasema atakuja, na kwamba ikiwa kumsamehe kutakufanya ulale vizuri, basi umsamehe, kwake hakuna kitakachopungua. Akaomba suti yake ipelekwe kwa dobi.

Akanikataza kuchapisha. Wakili naye amekataa kutajwa, anasema udanganyifu mahakamani ni udanganyifu hata ukiwa mzuri, na yeye bado ana jina. Kwa hiyo makala imekwenda bila hayo. Nimeeleza kesi kama ilivyo kwenye kumbukumbu za mahakama, na mhariri ameweka picha yako kubwa ukiwa na gitaa, na ya Mzee ndogo, ile ya siku anatoka mahakamani amefunika uso kwa kofia. Chini yake ameandika maneno yako ya kwenye fulana. Niligombana naye, nikashindwa, kwa sababu sikuweza kumwambia kwa nini nagombana.

Mzee hakunikataza kukuandikia wewe. Labda alisahau, labda hakusahau. Sikwambii ufanye nini. Una jukwaa, una kipaza sauti, na uwanja mzima utakaoinuka kwa pamoja, mapema kidogo kuliko inavyotakiwa. Mimi nimekwambia kilichotokea, na waliosema nimewataja.

Nisalimie wifi na watoto. Bati anakusalimia, anasema umlete yeye jukwaani safari hii, asije mtu akahesabu sawasawa. Mzee naye anakusalimia. Amekaa hapa chumba cha pili, na akiniuliza naandika nini nitamwambia nakuuliza habari ya usafiri. Basi nijibu hilo, na unijibu mwenyewe, si kwa meneja: gari la waandaaji litakuja kumchukua saa ngapi, au nimwambie dobi asihangaike, na Mzee kwamba mwanawe anakuja nyumbani?

Ni mimi mdogo wako,
Mbea