Tumlilo Wamehama Jikoni kwa Mama

Lusu, Nzega,
18 Februari 2024.

Mpendwa kaka Damas,

Shikamoo. Wifi Recheli na watoto hawajambo? Habari za Mtwara na joto lake? Huku tunapumua. Mama miguu bado inavimba na macho ndiyo hivyo, haoni tena, ila ugali anakula. Mimi nimechoka, kaka, nakwambia bila kuzunguka.

Jiko la gesi ulilotuma lilifika. Asante sana. Shida imeanzia hapo, ingawa si kosa lako.

Unawakumbuka tumlilo, wale wadudu wa kijivu, wadogo kama punje za ulezi? Wanaishi kwenye jivu la moto katikati ya mafiga, mahali pengine hawataki. Sufuria ikiepuliwa wanatoka kula ukoko uliodondoka, na mlio wao ni kama mvua inayoanza juu ya bati. Jivu likipoa siku mbili, wanabeba mayai yao na kuhama kwa mstari, wakifuata moshi wa jirani. Mama husema hawa wetu babu yake, aliyekuwa mpagazi wa misafara, aliwaleta kwenye kibuyu cha majivu, na moto haujazimika tangu hapo.

Huo moto, miaka sita sasa nauchochea peke yangu. Mvua za mwaka huu zimelowesha kuni zote na moshi unanibana kifua. Gesi ilipofika nikasema nipumzike siku moja tu. Zikawa tatu. Jumanne asubuhi nikakuta mafiga ya baridi, na mstari wao unamalizikia uani kwa Kabula, jirani yetu.

Kila mlo Mama huuliza kama wapo. Nikamjibu wapo. Nikawa nachezesha mchele kwenye sinia nyuma yake ili asikie mlio. Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, namdanganya mama yangu kwa mchele.

Jana nilishindwa. Nilikaa chini nikalia, nikamweleza yote. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Najua, mwanangu. Mchele haulii vile. Nilinyamaza upumzike."

Kabula yuko tayari kutugawia jivu lake pamoja nao. Lakini sitawasha tena peke yangu. Njoo Pasaka, ukae hata mwezi, tupokezane. Pesa usitume, njoo wewe.

Kama huji, wabaki kwa Kabula. Nitakuwa nampeleka Mama akawasikilize huko, polepole, na miguu yake hiyo.

Nisalimie wifi, na Justus mwambie shangazi anamuulizia. Mungu awafunike, awape afya, na wewe akupe nauli na moyo wa safari.

Mdogo wako akupendaye hata akiwa amechoka,
Yustina