Kohoa Tena, Dada

14 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kazi zako zinakwenda vizuri. Sisi huku ni wazima, na ninaposema wazima, Mama namhesabu wa kwanza.

Filamu yako ya kifua kikuu ilionyeshwa shuleni kwetu juzi. Madirisha ya ukumbi yalifunikwa kwa mablanketi ya bweni. Mama alikuwa amewatangazia wapishi wenzake wote wa shule kwamba yumo. Alipiga pasi gauni lake la bluu, wakaja wote na aproni zao wakakaa mbele. "Leo mtanikoma," akawaambia. Mpishi mkuu akamjibu, "Ukishakuwa staa, vitunguu atamenya nani?"

Filamu ikaanza na maandishi: Yote utakayoyaona ni ya kweli. Kisha akatokea Mama, amelala kwenye lile godoro letu la stoo, anakohoa huku ameshika kifua. Sauti ya mwanamume ikasema: "Mama huyu aliacha dawa mara tu alipopata nafuu. Ugonjwa umerudi, na sasa dawa za kawaida hazimfai. Kila anayekaa karibu naye yumo hatarini."

Mama akasema kwa nguvu, "Si mimi huyo!" Watu wakacheka, kwa sababu alikuwa yeye.

Mchana ule watu walifika mbele ya sufuria, wakamwona aliyeshika upawa, wakageuka na sahani zao tupu. Jana mwalimu mkuu akamwambia apumzike nyumbani "mpaka mambo yatulie".

Mama Mdogo, mimi nilikuwepo siku mliyopiga picha. Ndimi niliyeshika kile kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga. Mama alikuwa amekwisha kupona. Alimeza dawa zake zote, hakuruka hata siku moja, nawe unajua. Ulimwambia, "Kohoa kidogo, Dada, watu waone ulikotoka." Akakohoa, akaangua kicheko. Ukasema, "Usicheke bwana! Kohoa tena, Dada."

Tafadhali yaondoe maneno yale, na umwandikie mwalimu mkuu kwamba si kweli. Nasubiri jibu lako.

Mwanao


2 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, marahaba. Mimi sijambo, ila miguu imevimba kwa kuzunguka na hii kazi. Dada hajambo? Na masomo je? Barua yako imeandikwa vizuri mpaka nimemsomea mwenzangu ofisini, akasema huyu mtoto atakuja kutunyang'anya kazi.

Sasa nikueleze, usimkasirikie mama yako mdogo. Yupo mtu kweli aliyeacha dawa. Alitusimulia yote, lakini akakataa kuonyesha uso. Kwa hiyo tulikuwa na maneno bila picha, na picha nzuri za Dada ambazo maneno yake yalikuwa machache. Mhariri akaviunganisha. Ndivyo kazi hii inavyofanyika kila siku, tunaziita picha za kufunikia. Jina la Dada halikutajwa popote. Nilidhani hata hamtaiona huko.

Na fikiria jambo moja: mgonjwa mmoja akiogopa na kumaliza dawa zake kwa sababu ya filamu ile, je, si Dada ndiye aliyemwokoa?

Mwambie achukue cheti cha kliniki amwonyeshe mwalimu mkuu. Yataisha hayo. Watu husahau upesi.

Mama yako mdogo


9 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Pole kwa miguu.

Cheti alikipeleka kabla hata hujashauri. Mwalimu mkuu alikisoma mpaka chini, akakirudisha kwa mikono miwili, akasema, "Mimi binafsi naamini. Lakini wazazi wameona kwa macho yao." Basi karatasi ya daktari imeshindwa na godoro la stoo.

Unasema jina halikutajwa. Uso wa Mama unahitaji jina la nini hapa, ambapo amempakulia chakula kila mtoto wa mtaa huu? Zamani walimwita Mama Ukoko, kwa sababu aliwawekea waliochelewa ukoko wa wali. Sasa wanamwita Mama Kohoa. Jirani yetu amemkataza binti yake kuja kusukwa kwetu. Mama anashinda akisugua masufuria ambayo tayari yanang'aa. Nikikusema vibaya ananikatiza: "Mwache. Tangu utoto wake ana haraka."

Mimi sina haraka. Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi ili isibaki na tusi hata moja.

Umeniuliza juu ya mgonjwa atakayeogopa. Nimempata. Ni baba wa rafiki yangu wa darasani. Anakohoa tangu mwezi uliopita na jasho linamtoka usiku. Rafiki yangu alimsihi aende kliniki. Akamjibu, "Niende wanifanye kama walivyomfanya yule mpishi?" Huyo ndiye mtu wako, Mama Mdogo. Ameiona filamu, na ameogopa kama ulivyotaka.

Njoo. Simama ukumbini, waambie wewe mwenyewe kwamba ulimwambia akohoe.

Mwanao


30 Machi

Mwanangu,

Hamjambo nyote? Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nije na jambo la maana, na ninalo!

Filamu ile haiwezi kubadilishwa tena, imekwisha kusambazwa. Bosi hataki hata kusikia. Lakini nilipomsimulia yaliyompata Dada, aliruka kutoka kitini. Tunatengeneza filamu ya pili, ya unyanyapaa! Mwanamke aliyepona, anayekataliwa na jamii aliyoilisha. Dada atakuwa shujaa. Tutampiga picha akisugua yale masufuria, halafu akilia kidogo langoni mwa shule, halafu anarudishwa kazini kwa makofi. Nawe utakuwemo, una sura inayokubali kamera.

Tunakuja na kikosi kizima katikati ya Aprili. Mwandae Dada. Lile gauni la bluu lisifuliwe sana, tunataka lionekane limechoka.

Mama yako mdogo anayekupenda


4 Aprili

Mama Mdogo,

Natumaini u mzima.

Nilimsomea Mama barua yako. Alisikiliza mpaka pale pa kulia langoni, akaniomba nirudie hapo. Nikarudia. Akasema, "Mwambie sikulia langoni." Basi nakwambia: hakulia langoni. Alipita na kikapu chake, akamuaga mlinzi kama siku zote.

Usije na kikosi. Hatutaki kuwa mashujaa, tunataka uongo uitwe uongo. Nimeomba nafasi kwa mwalimu mkuu na amekubali: mkusanyiko wa Jumatatu, tarehe ishirini asubuhi. Njoo peke yako, mikono mitupu.

Mwanao


11 Aprili

Mwanangu,

Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja. Una haki ya kukasirika. Nitakuja hiyo Jumatatu, bila kamera. Mwambie Dada, na mwambie nitafikia kwake.

Mama yako mdogo


22 Aprili

Mama Mdogo,

Hukuja.

Jumapili Mama alitandika kitanda chako na kuchemsha maji ya kuoga, akayachemsha tena yalipopoa. Jumatatu nilisimama langoni mpaka mlinzi akaniambia, "Ingia, mwanangu, kengele imelia." Ndani, mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kutangaza mgeni. Shule nzima ikageuka kutazama mlango, na mlangoni nilikuwepo mimi.

Nikaomba ile nafasi yako. Hasira ilikuwa inanisukuma mgongoni.

Nikamwita jukwaani kiranja mkuu, yule mrefu wa timu ya mpira ambaye kila mtu anamshangilia. Nikamwambia akae, ajishike tumbo, akunje uso. Akafanya kwa mbwembwe, ukumbi ukapiga miluzi. Nikamwambia, "Usicheke. Fanya tena." Alipofanya tena, nikasema kwa sauti nzito: "Kijana huyu ana kipindupindu. Amekataa dawa. Kila aliyecheza naye yumo hatarini." Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mmoja akapaza sauti, "Mtupeni nje!"

Kisha nikamwomba arudi kwenye mstari wake. Aliyekuwa jirani yake akasogea kando, kwa utani tu. Wa pili naye akasogea. Wakaendelea kusogea, kiranja akabaki amesimama peke yake na nafasi imemzunguka, na tabasamu lake likaanza kukwama. Hapo kicheko kikakatika.

Nikasema, "Mama yangu aliambiwa akohoe. Mimi nilikuwepo." Nikashuka.

Usidhani waliruka kama bosi wako wakapiga makofi. Mwalimu wa afya alinikemea kwa kufanyia mzaha magonjwa. Mwalimu mkuu alikaa na kamati ya wazazi jana, wakaamua Mama arudi, lakini aoshe vyombo tu, upawa asishike. Mpishi mkuu aliposikia akavua aproni, akaiweka mezani mbele ya kamati, akasema basi wapike wao. Wamekwenda kufikiri upya. Hasira yangu haijaisha na sitaki iishe upesi. Lakini baba wa rafiki yangu alikwenda kliniki jana, Mama ndiye aliyemsindikiza, na leo ameanza dawa.

Filamu yako inaonyeshwa Ijumaa katika shule iliyo ng'ambo ya soko. Nilikwenda kuwaomba waniruhusu niseme. Wamekubali, lakini si mimi nitakayesema. Mama ataongea, kabla taa hazijazimwa. Nilitaka kumwandikia maneno ya kusoma, akaitoa karatasi mkononi mwangu.

Mtoto wa dada yako