Mwenye Kanuni Namba Nne

Jumatatu, 27 Novemba 2023

Leo dukani kwetu limetamkwa neno "haipo". Haipo! Miaka ishirini na tatu nimesimama kwenye kaunta ile, zipu, vifungo, lastiki, bitana, uzi, mafundi cherehani wa Bongo nzima wananijua — sijawahi kumwambia mteja haipo. Hata siku moja. Leo Zulekha, muuzaji wetu, kaangalia ile kompyuta mpya, kamwambia mama wa watu, "Lastiki ya inchi moja haipo." Mama kaondoka. Zulekha hata hakuinuka kwenye kiti!

Aliyeileta ni Sitara, mtoto wa dada yangu. Karudi na digrii, kaja na mfumo. Mama yake, Dada Ummy, ndiye mwenye duka, basi kila anachosema mtoto ni sawa.

Biashara ya Kariakoo nani asiyeijua? Mteja akitaka kitu huna, unasema ipo, kaa, stoo ni hapo tu. Unatokea mlango wa nyuma, unaingia duka la jirani yetu Hafidhi, unachukua, unarudi unajifuta jasho kama umepanda ghorofa nne. Kesho naye anachukua kwako. Zipu kwa zipu, hakuna karatasi. Mteja hajui. Dada hajui. Na asijue, maana nimemwambia miaka yote kwamba stoo naipanga mimi na haikosi kitu.

Wali wa leo nimekula bila kusikia ladha.

Jumanne, 28 Novemba

Kikao. Chumba cha juu, ngazi ya chuma, feni moja. Wanaita Kamati ya Mfumo. Yupo Allan, wa kampuni iliyotuuzia huo mfumo, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Kaniita Mzee Shomari. Mzee! Nina hamsini na mbili na jana nimebeba katoni sita kwa mpigo. (Nne.)

Kawasha projekta. Anasema mfumo hautakiwi kuiamrisha biashara, biashara ndiyo iuamrishe mfumo. Kwanza mjue mnataka nini, halafu mashine ifuate. Na kila kanuni iwe na mwenyewe, mtu wa dukani wa kuulizwa, siyo fundi wa kompyuta. Dada akasema yeye anataka kitu kimoja: mteja asitoke mikono mitupu.

Hapo nikainuka. Nikapiga meza. Kama ni hivyo, mbona hilo dude linafukuza watu? Nani kaliambia liseme haipo?

Allan kafungua laptopu. "Kanuni namba nne. Mwenyewe ni wewe, Mzee Shomari."

Mahojiano ya Agosti! Alinihoji saa mbili nzima kwa chai na sambusa. Nikasema — na kaandika kila neno, mshenzi yule — "Duka hili halijawahi kuazima hata sindano. Kisichokuwepo stoo kwetu, Kariakoo nzima hakipo." Chini yake sahihi yangu, ile yenye mkia. Kurasa tisa nilisaini bila kusoma. Ningesomaje, herufi kama ufuta, na yeye kanikodolea macho? Siyo kwamba sijui kusoma. Darasa la saba, Ilala, wa pili kutoka juu. (Wa pili kutoka dirishani.) Basi wakaijenga mashine kwa maneno yangu. Haipo stoo, haipo duniani.

Sitara kauliza, "Mjomba, tuibadilishe?"

Nikasema iko sawa. Iko sawa! Ulimi wangu huu!

Jumatano, 29 Novemba

Mvua. Jangwani maji yamefunga barabara, wateja wa kuhesabu. Hafidhi kaja kwa mlango wa nyuma kama siku zote, anataka koni kumi za uzi mweusi, mteja wake kakaa anamsubiri. Zulekha kamkatalia. Mashine haitoi kitu bila mauzo. Mbele za watu! Mimi nipo palepale, nimeshika futi, najifanya napima bitana.

"Shomari," kasema Hafidhi, "hata mimi leo haipo?"

Nikasema utaratibu mpya. Akacheka, ila haikuwa kicheko. Kaondoka na mvua yake.

Nimeipiga kompyuta kofi. La ubavuni. Sitara kaona, kaja kuisogeza ukutani. Bora angenifokea.

Alhamisi, 30 Novemba

Tarsis kapiga simu kutoka Songea. Huyu ndiye mteja wetu mkubwa, anashona sare za shule, miaka kumi na miwili yuko na sisi. Anachukua kila kitu kaunta moja. Akikosa kimoja anahamisha oda nzima duka lingine, ndivyo alivyo. Mwaka ule wa mafuriko nilivuka Jangwani na robota lake kichwani, maji shingoni, hata uzi mmoja haukulowa. Mpaka leo anasimulia. (Lilikuwa furushi. Maji yalikuwa magotini. Lakini nilivuka.)

Anafika Jumamosi. Safari hii shule tatu, sketi zote zipu za rangi ya damu ya mzee, inchi nane, katoni mbili. Kauliza ipo?

"Ipo!"

Sikuangalia. Mdomo uliniwahi.

Nimeingia stoo, nimepekua mpaka kucha nyeusi. Kijani ipo. Bluu ipo. Damu ya mzee hamna hata moja. Anazo Hafidhi. Nimeziona kwa macho yangu, rafu ya juu kushoto.

Ijumaa, 1 Desemba

Baada ya swala nimemkuta Hafidhi mlangoni mwa msikiti anatafuta viatu. Nikamtolea salamu, kaitikia kwa sababu ni dini. Nikamgusia zile zipu.

"Iulize mashine yako. Si nasikia nyinyi hamjawahi kuazima hata sindano?"

Nani kamwambia? Zulekha! Au Allan! Mtaa huu mtu hawezi hata kusifu duka lake kwa faragha!

Kavaa kiatu kimoja, akaniambia taratibu, "Nitatoa, Shomari. Lakini kwa mlango wa mbele. Na niandikwe humo kwenye mashine, kwamba zimetoka kwa Hafidhi. Miaka ishirini naingia kwenu kwa nyuma kama mwizi."

Aandikwe! Kama nani?

Nikamvizia Sitara ngazini. Nikamwambia binti yangu, weka kakitufe kadogo tu, kimyakimya, kitu cha jirani kiingie na kutoka. Kakataa. Kanuni haibadilishwi kwa kunong'ona. Mwenyewe anasimama mbele ya kamati, anaeleza biashara inavyokwenda kweli. Kesho saa tatu. Mimi niliyembeba mgongoni akiwa na surua! Nimemfokea mpaka Zulekha kazima redio.

Yeye hakufoka. "Mjomba, Allan hajui zipu. Mimi sijui zipu. Anayejua ni wewe. Ukitudanganya, na mashine inadanganya."

 

Jumamosi, 2 Desemba

Naandika humuhumu kikaoni. Wanadhani nachukua kumbukumbu.

Tarsis yuko chini, kakaa kwenye benchi, kapewa maji. Nimempokea mimi. Kanikumbatia, kamwambia Zulekha, "Huyu ndiye aliyevuka mto na mzigo wangu!" Zulekha kanitazama hivi.

Juu huku tupo watano. Dada, Sitara, Allan, mimi — na Hafidhi! Sitara kamwalika. Bila kuniambia! Dada mwenyewe kamvutia kiti. Kakaa, kofia magotini, hanitazami.

Allan anasoma. Ajenda ya kwanza, kanuni namba nne, mwenyewe Shomari. Wote wamenigeukia. Nimesimama. Nimeanza, "Mwaka ule wa mafuriko —" Dada kanikata. Kasema Shomari, ya mafuriko tumeyasikia. Swali ni moja tu. Tumewahi kuazima kwa Hafidhi, au hatujawahi?

Nimekaa. Naandika. Dada anasema weka kalamu chini. Namaliza mstari.

Nikisema hatujawahi, Hafidhi anainuka na kofia yake, na zipu zinabaki kwenye rafu yake. Nikisema tumewahi — miaka ishirini na tatu ya jasho langu la uongo!

Huko chini Tarsis kamaliza maji. Sakafu hii inapitisha kila kitu. Namsikia anaanza kutaja: vifungo, ipo. Uzi, ipo. Bitana, ipo. Damu ya mzee inchi nane. Zulekha kageukia kompyuta. Anabofya. Anabofya tena. Sasa anaita kwa sauti kutoka chini ya ngazi, "Anko Shomari! Nimwambieje?"

Na mdomo wangu, kabla yangu mwenyewe: "Ipo! Mwambie akae!"

Feni inazunguka. Hafidhi kainua uso. Sitara kaweka vidole kwenye laptopu, anasubiri kuandika.

"Ipo wapi, Shomari?" kauliza Dada.