Barafu Nyeusi, ya Kwanza na ya Pili

Lac-Perdrix, 12 Novemba

Binti yangu Marjolaine,

Salamu kutoka huku baridini. Mimi nipo. Kifua bado kinanibana asubuhi. Daktari anasema vumbi la mgodi halistaafu pamoja na mtu. Wewe je, hapo Montreal unakula vizuri?

Mchezo wenu mpya wa video umefika kwa posta, asante. Nimeucheza siku tisa nikaumaliza. Sasa nikwambie, maana wenzako ofisini hawatathubutu: Barafu Nyeusi ya pili haiifikii ya kwanza hata magotini.

Ile ya kwanza ilikuwa na mji mmoja, ziwa moja na barabara mbili, na kila nyumba ilikuwa na mtu. Ukipotea unagonga mlango, unauliza njia. Pikipiki ya theluji ikiishiwa mafuta unatembea kwa miguu, na ukigeuka unaziona nyayo zako mpaka kule ulikotoka. Nilipigana na watu watatu tu mchezo mzima, na wote watatu niliwaogopa. Hii ya pili mmeninyooshea ramani mara nne ya ile, misonobari mitupu. Mshale unanishika mkono kama kipofu. Mafuta hayaishi. Nyayo zinafutika kabla sijavuta pumzi. Nimeua watu mia tatu na sikumbuki sura ya hata mmoja. Na yule mzee Bastien wa kituo cha mafuta, aliyekuwa akinimiminia kahawa, sijamwona.

Ile uliitengeneza ukiwa na njaa. Hii umeitengeneza ukiwa na cheo. Inaonekana.

Baba yako,
Normand


Montreal, 25 Novemba

Baba,

Shikamoo. Pole na kifua. Mimi ni mzima, ila nimechoka.

Nilijua hutaipenda. Nilipokuwa darasa la tatu nilikuletea cheti cha kuwa wa kwanza, ukatafuta kosa alilofanya mwalimu katika kuandika jina letu.

Nyayo tuliziondoa kwa sababu mashine za watu wengi zilikuwa zinakwama. Mshale tuliuweka kwa sababu nusu ya waliocheza ile ya kwanza walipotea wakaacha katikati. Si kila mtu ana siku nzima ya kukaa mbele ya runinga. Kuhusu ukubwa wa ramani, umesema kweli. Nilibishana na wakubwa nikashindwa. Haya, furahi.

Lakini Bastien yumo. Umepita karibu naye hukugonga. Fuata mto kwenda kaskazini mpaka nyumba ya kijani. Huko hakuna mshale. Pale pote nimepaandika mwenyewe, kila neno, na hakuna mkubwa aliyegusa. Ukifika, niambie kama napo pamepwaya.

Mwanao,
Marjolaine


Lac-Perdrix, 14 Desemba

Marjolaine,

Nakusalimu. Afya yangu usiniulize.

Nimefika kwenye nyumba ya kijani. Mwanamke yuko nje na gauni la kulalia, nyuzi thelathini chini ya sifuri, anagonga mlango. Ndani Bastien amekaa kitini anatazama mpira wa magongo. Anakohoa kikohozi changu. Amevaa kofia yangu ya mgodini, na ule mpasuko wa pembeni umeuweka. Anasema, "Mwache. Atajifunza." Nilizunguka nyumba nikijaribu kufungua mlango. Haufunguki. Kitu pekee mnachomruhusu mtu kufanya ni kumpiga yule mzee. Basi nikampiga.

Unaujua mji huu. Wote wameshacheza. Juzi nimeingia mgahawani kwa Ghislaine, na Réal, niliyekaa naye chini ya ardhi miaka ishirini, akapaza sauti: "Normand! Leo umemfungia nani nje?" Watu walicheka mpaka wakashika meza. Ghislaine hakucheka. Lakini alikuwa ananiletea supu ya njegere kila Jumapili, na Jumapili mbili sasa hajatokea.

Najua mchezo ukishauzwa bado mnaweza kuurekebisha kutoka huko huko. Fungua mlango ule. Au mvue kofia. Sijawahi kukuomba kitu. Nakuomba.

Baba yako


Montreal, 6 Januari

Baba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Ofisini waliniuliza kama mlango ufunguke mchezaji akigonga sana. Nilikataa. Mama aligonga sana, na haukufunguka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilivyoganda kwa baridi hana mpaka leo, na wewe ulimwambia daktari kwamba alikuwa amelewa. Kofia itabaki. Kikohozi kitabaki. Watu milioni mbili wamepita pale, na karibu wote wamempiga.

Ulitaka kulinganisha, basi tulinganishe. Katika ule wa kwanza nilimwandika baba niliyemtaka, nikampa kahawa awamiminie wageni. Katika wa pili nimemwandika niliyempata. Ulisema wa pili haufikii ule wa kwanza hata magotini. Kweli kabisa, wewe hukumfikia yule baba wa kwanza.

Mwanao,
Marjolaine


Lac-Perdrix, 19 Januari

Marjolaine,

Umeandika vizuri, ila umekosea jambo moja, na fundi wa cheo chako hapaswi kukosea.

Nyumba yako ya kijani ina watu wawili. Yetu ilikuwa na watatu. Mimi sikufunga mlango ule. Nilisema, "Marjolaine, funga," nawe ukafunga. Komeo ulilisukuma kwa mkono wako, nikasikia likiingia. Ulikuwa na miaka sita. Kisha ukakaa na mimi ukala biskuti mpaka mpira ukaisha.

Waonyeshe hilo hao watu wako milioni mbili.

Baba yako


Montreal, 30 Machi

Normand,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni. Wiki nzima sikwenda kazini. Sikumbuki komeo. Biskuti nazikumbuka.

Nilikaa na jambo hilo miezi miwili nikiogopa kuuliza. Jumapili iliyopita nilimpigia simu Mama, huko kwake Rimouski. Nikamsomea ulichoandika, neno kwa neno.

"Mama, ni kweli?"

"Komeo lilikuwa juu," akasema. "Wewe hukulifikia hata ukisimama kitini. Niliona kupitia kile kioo kidogo cha mlango. Alikubeba akakuinua, akakushika mkono, akalisukuma kwa mkono wako. Ulikuwa unalia, mwanangu. Ulikuwa unaniangalia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani umesahau. Miaka thelathini na miwili nashukuru kwamba umesahau."

Nikamwambia nisamehe. Akasema hakuna cha kusamehe. Lakini akaanza kulia, kilio ambacho sijawahi kumsikia akilia, hata siku ile alipokatwa vidole. Akasema sufuria yake inaungua jikoni. Akakata simu.

Tangu hapo nimempigia mara kumi na moja. Hapokei. Dada yake anasema kila simu yangu ikiita anauona tena uso wangu kwenye kioo kile, na nimpe muda.

Usiniandikie tena.

Marjolaine