Geti ya Mwalimu wa Takwimu

Jumanne, 2 Septemba

Chai haina sukari tena. Bibi yangu Rahab anasema ni daktari alikataza. Daktari gani, hajui. Geti ya kanisa nimemaliza kuchomelea. Imekaa kombo kidogo. Mungu haangalii inchi.

Mama amerudi kutoka chuo, kule Kajiado, na mabegi yote. Mama ni binti yangu Wambui. Amebeba jina la mama yangu, ndiyo maana humuita hivyo, na ndiyo maana siwezi kumfokea. Mtu hakemei mama yake. Huo ndio ujinga wetu Wakikuyu: unazaa mtoto, halafu unampa kiboko cha kukuchapa nacho.

Amelala mchana kutwa. Hajala. Kuna kitu.

Alhamisi, 4 Septemba

Kitu kimejulikana. Rahab amepata karatasi ya matokeo chini ya godoro.

Mimi niliishia darasa la sita, lakini namba nazijua. Masomo nane. Manne amepita. Matatu ako chini ya arobaini. La nane, takwimu, mahali pa alama kuna mstari tu. Nyuma wameandika sheria. Ukianguka matatu, unarudia hiyo mitihani. Ukianguka nusu, unafukuzwa, hata kama ni mwaka wa mwisho. Mahali hakuna alama, wanahesabu umeanguka. Matatu na mstari ni manne. Manne ni nusu ya nane. Hiyo hata mbuzi anajua.

Kikao cha kufukuza watu ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Nimemuuliza Mama, huu mstari ni wa nini? Ameikunja karatasi. Halafu, "Wachana nayo, Baba."

Wachana nayo! Mwalimu amepoteza karatasi ya mtoto na mtoto anaogopa kusema. Shenzi. Mimi siogopi. Niko na miaka sitini na saba na nyundo tatu.

Jumatatu, 8 Septemba

Kajiado. Foleni. Mama mmoja wa ofisi ananiambia bila kuinua macho, "Mzee, mwanafunzi ni mtu mzima. Aje mwenyewe." Nikamwambia hata yeye ni mtu mzima na mamake bado anamuombea apate adabu. Hakucheka. Ila jina la mwalimu alilitoa, nadhani aniondoe pale. Daktari Mutiso. Anaishi Kitengela.

Mutiso! Geti nyeusi, mishale juu. Ni mimi nilimtengenezea. Nimecheka peke yangu mpaka Isinya.

Jumanne, 9 Septemba

Nimebisha kwake. Akatoka na kandambili. Anasema hazungumzi mambo ya wanafunzi getini, niende ofisini. Nikasema ofisi ndiyo imeniambia wewe. Akanifungia.

Kunifungia mimi. Na geti yangu. Hata bawaba zilinililia.

Namchukia huyu mtu. Nachukia kandambili zake.

Jumatano, 10 Septemba

Saa tatu asubuhi Mutiso ametoka na gari. Saa tatu na robo geti imetoka pia.

Geti zangu ukijua pa kuinua zinavuka kama kofia. Nimeilaza kwa nyasi, nikaacha kadibodi: GETI HAIONEKANI. TUTAHESABU HAIKUWAHI KUWEKWA. Kufika saa sita mbuzi wa wafugaji walikuwa wamemaliza sukuma wiki yote bustanini na mkono mmoja wa shati iliyoanikwa.

Rahab anasema nitafungwa. Anifungie na sukari.

Nimemwambia Mama nikitarajia acheke. Amelia. Analia juu ya sukuma ya adui! Nimekasirika. Leo nimemuita Wambui, mara ya kwanza tangu azaliwe. Ameitika kama ameitwa kortini.

Alhamisi, 11 Septemba

Mutiso amekuja kwa kibanda changu. Nilishika nyundo. Hakuwa na polisi. Alikuwa na karatasi.

Ni ile orodha ambayo wanafunzi huweka sahihi wakiingia mtihani. Majina, namba, sahihi. Mahali pa Wambui ni peupe.

"Mzee, siwezi kupoteza karatasi ambayo sikupewa."

Akaenda. Nikaweka nyundo chini. Mimi! Juu ya orodha kulikuwa na tarehe. 24 Aprili. Nimefungua hii daftari nione hiyo siku ilikuwa nini. Nanakili vile ilivyo:

"Rahab bado yuko Loitokitok kwa dada yake. Nimechoka na mkate. Nimempigia Mama nikamwambia kifua kimenibana, naona giza. Amefika kabla ya saa nne, anatetemeka. Nikamwambia kwanza apike, giza litaisha. Ugali na matumbo. Nimepona. Nimecheka sana."

Nimecheka sana. Ni mwandiko wangu.

Nilimkuta akifua. Nikamuuliza mbona hakuwaambia chuoni.

"Ningewaambia nini, Baba? Kwamba ulikuwa na njaa?"

Ijumaa, 12 Septemba

Saa kumi na mbili asubuhi nimerudisha geti. Nimepaka bawaba grisi. Hazilii tena.

Mutiso alinikuta hapo, nikamsomea ukurasa wa Aprili. Akafungua mlango wa gari, akasema ingia. Tukafika Isinya. Hapo akaniambia sukuma ilikuwa ya mamake. 

Kikao kilinikataza kuingia. Nikawapelekea daftari kupitia yule mama wa ofisi, nimekunja ukurasa wa Aprili. Kupitia mlango nikasikia mtu mmoja anacheka. Halafu akaacha katikati. 

Wakaniita nisimame mbele yao. Mwenyekiti anasema wako na sheria ya mzazi mgonjwa. Ya mzazi mzima hawana. Nikasema iandikeni, mfano ni huu hapa. Hakuna aliyecheka, na mimi pia sikucheka.

Wameamua: takwimu ataifanya Jumatatu ya tarehe 22, kama mara ya kwanza. Akipita, hayo matatu atayarudia baadaye, abaki chuoni. Akianguka, ni nusu, na sheria ni sheria. Hakuna kurudi kuomba.

Nilitoka nje nikakojoa nyuma ya ua wao. Hiyo sijutii.

Jumatatu, 22 Septemba

Ameondoka saa kumi na mbili unusu. Wiki nzima alikuwa kwa meza yangu na vitabu, mimi nikichomelea mbali, kule kwa barabara, kelele isimfikie.

Langoni nilimuita Mama. Akageuka. "Kula dawa yako," akasema. Sina dawa yoyote, na anajua.

Mtihani unaanza saa tatu. Rahab yuko sokoni. Nimekunywa chai bila sukari. Kifua kinanibana kidogo, kweli ama si kweli, sijui.

Nimezima simu.