Majina ya Jioni

Alhamisi, 2 Machi 1995

Nimegombana na mama mmoja ofisini na mpaka sasa nina hasira. Anaitwa Mukabera, mkimbizi wa hapa kambini kwetu, analima kibarua kwa mzee Byarugaba kule Nyakatuntu. Anamtafuta binti yake, Mukantabana, miaka minane. Walipotezana mwaka jana wakati wa kuvuka mto. Anadai mara tatu nimeandika jina la mtoto, na mara tatu jirani yake wa zamani aliyeko kambi ya pili amesikiliza majina kwenye kipaza sauti mpaka mwisho, halikusomwa. "Dada, umenificha."

Nimfiche ili nipate nini? Nikaliandika tena, nikamgeuzia kioo cha kompyuta ajionee mwenyewe, jina lile pale. Akakitazama, akanitazama mimi. Hajui kusoma. Nikajiona mjinga, hasira ikazidi.

Jumatatu, 6 Machi

Mvua tangu alfajiri. Foleni haikupungua hata hivyo. Mtu anamtaja anayemtafuta, naandika, kesho yake asubuhi printa inatoa karatasi, pikipiki inaipeleka kambi ya pili, inasomwa kwa kipaza sauti. Ndiyo kazi yangu yote.

Programu tuliachiwa na kijana wa kujitolea aliyekwisha kurudi kwao. Ameiandika kwa Scheme, lugha ya kompyuta ya ukoo wa Lisp — mabano, mabano, mabano! Aliniachia na kitabu cha fotokopi. Nimefika kwenye kitu kinaitwa "port". Mimi nakiita mlango. Kuna mlango wa kuingizia, programu inasoma kutoka kwenye kibodi au faili. Kuna wa kutolea, inaandika nje. Nimesoma kurasa mbili nikasinzia.

Bosi wetu, Gaudiosus, ametangaza jambo baya. Watoto wasio na wazazi walioko kambi ya pili watachukuliwa Ijumaa kwa lori, kwenda kituo cha mbali, nje ya mkoa. Nikamfikiria Mukabera. Hana kibali cha kwenda huko kujitafutia mwenyewe. Sikutaka kumfikiria, lakini ndiyo hivyo.

Jumanne, 7 Machi

Amekuja tena. Wa mwisho kwenye foleni, kama siku zote, matope mpaka magotini. Vibarua wote huja jioni, maana ukiacha jembe mapema hupewi hata ndizi za kupika. Tumesalimiana kwa ubaridi. Nikaandika jina, nikamsomea kutoka kwenye kioo, polepole. Akasema tu, "Haya." Afadhali angenitukana.

Saa kumi na mbili mzee Elpidius, mtunza jenereta, akaizima kama kila jioni, na kompyuta ikazimika nayo. Nikafunga ofisi.

Jumatano, 8 Machi

Leo pikipiki ilipokwisha kuondoka nimefanya kitu ambacho sijawahi kukifanya. Nimechukua nakala ya ofisi nikaisoma mpaka chini. Mukantabana hayupo. Wachache walioandikishwa kabla yake tu nao hawapo. Jina la mwisho kabisa limekatika katikati — "Hategeki", basi.

Nimekaa na kile kitabu, chai ikapoa. Kumbe kioo kina mlango wake na faili lina mlango wake. Ninachokiona kwenye kioo si lazima kiwe kimefika kwenye diski. Mlango wa faili hukusanya maneno kwanza, kama mtu anayengoja ndoo ijae ndipo aibebe. Ukiufunga, hata kidogo kilichobaki kinapelekwa. Usipoufunga umeme ukakatika, kimepotea. Yule kijana alipanga mlango ufungwe pale mtu anapotoka kwenye programu. Na mimi sijawahi kutoka! Namngoja mzee Elpidius anizimie.

Miezi minne. Kila jioni. Na jioni huja nani? Wanaolima. Waliokuwa na nafasi asubuhi majina yao yamesomwa yote. Nimelia kidogo pale pale kwenye kiti, nikaenda kunawa uso.

Nimeibadilisha. Sasa kila jina: fungua mlango, andika, funga. Diski inakoroma, foleni itakwenda polepole, na iwe hivyo. Jina la Mukantabana nimelitia la kwanza. Mengine siyakumbuki. Nimetuma ujumbe mashambani waje upya.

Mzee Elpidius ameniuliza nina nini. Nimemweleza. Akakaa chini. "Kwa hiyo ni mimi nilikuwa nawazima hao watu?" Nikamwambia hapana, mzee, ni mimi. Hakuamini vizuri.

Alhamisi, 9 Machi

Karatasi imekwenda. Safari hii nimeihakiki mpaka jina la mwisho.

Mukabera amekuja jioni, nikamwambia ukweli. Sikumtajia milango wala diski, nimesema tu kwamba jina nililiandika lakini halikwenda. Akafikiri. "Basi hukunificha." Nikamwambia, sikukuficha, mama. Akanishika mkono. "Pole, dada." Yeye ananipa pole mimi.

Ijumaa, 10 Machi

Kambi ya pili wameita kwenye redio ya upepo. Mtoto mmoja amesikia jina akasimama. Mukantabana, miaka kama minane. Lakini jina hilo ni la wengi, na lori limeshawashwa. Wanataka mama amwulize jambo ambalo mwanawe tu ndiye anayelijua. Nimewasihi wangoje. Gaudiosus amekimbiza gari Nyakatuntu na kumtoa Mukabera shambani. Ameingia ofisini na jembe mkononi, amesahau kuliacha.

Nimemwelekeza: ukibonyeza hapa unasema, ukiachia unasikia. Viwili kwa pamoja haiwezekani. Ameitikia kwa kichwa. Amebonyeza.

Anasema kwa Kinyarwanda, haraka. Kwa Kinyambo, lugha yangu ya nyumbani iliyo jirani nacho, nashika nusu. Mbuzi wao alikuwa anaitwaje. Kovu la goti alilipata wapi. Nani alikuwa amembeba mdogo wake siku ile ya kuvuka mto. Anauliza, hangoji, anauliza lingine. Naandika haya hapa hapa mezani, pembeni yake. Kidole chake bado kiko pale, kucha imekuwa nyeupe. Gaudiosus ananiangalia nimwambie aachie. Mpaka aachie, hakuna sauti itakayoingia, na nadhani Mukabera analijua hilo, ndiyo maana haachii.